Zabibu Kabla ya Baraka

Jumamosi ile Shoghig alishusha kikapu akitaka ndimu, akapandisha zabibu.

Alijua kwa uzito kabla hajaona. Kamba ilimkata viganja, kikapu kikagonga ukuta wa ghorofa ya pili, na kilipofika kwenye vyuma vya roshani alikuta vichala vya zabibu nyeupe vimerundikwa juu ya ndimu zake, vingine vikining'inia nje. Kesho ndiyo ilikuwa Jumapili ya kubariki zabibu, na kabla ya baraka hiyo haziliwi. Hakuna nyumba ya Kiarmenia katika Bourj Hammoud yote, kando ya Beirut, ambayo ingeweka zabibu mezani leo, sembuse nyumba ya padri, baba yake.

Alichungulia chini. Abu Fayez, muuza mboga, alikuwa ameinua mikono yote miwili kama mtu anayetaka kuapishwa.

"Nimemwambia, binti," alisema. "Nimemwambia nyumba hii hainunui zabibu, hata baada ya baraka hainunui. Hasikii."

Kando ya mkokoteni alisimama mwanamume mwenye miwani ya jua na shati jeupe, akizungusha funguo kidoleni. Hakuwa na haja ya kuvua miwani. Wiki nzima uso huo ulikuwa umebandikwa kwenye kuta za mtaa, juu ya matangazo ya onyesho la mlimani, na sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye kila duka la kanda za muziki kuanzia kituo cha mabasi mpaka mtoni.

Zaven alikuwa amerudi.

Kwenye roshani ya ng'ambo, Bi Makruhi aliacha kuanika nguo. Alimtazama Zaven, akazitazama zabibu, kisha akamuuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama huko Amerika walikuwa wamembatiza upya. Roshani zilicheka, moja baada ya nyingine. Zaven naye alicheka kwanza, kwa kuwa alizoea watu wacheke akiwapo. Kisha akaelewa. Alivua miwani, akaweka mkono kichwani, na kwa muda mfupi Shoghig alimwona kijana yule wa kwaya aliyekuwa akisahau zamu yake ya kuimba.

Mama yake Shoghig, Azniv, ambaye mtaa ulimwita Mama Padri, maana mapadri wao huoa, alitoka jikoni mikono ikiwa na maji ya majani ya mzabibu. Alikuwa akikunja wali ndani ya majani hayo kwa ajili ya wageni wa kesho. Aliangalia chini, akafunga macho, akayafungua.

"Mwambie apande," alisema. "Akisimama chini ya roshani yangu, mtaa wote utasikiliza. Akiwa ndani, nitasikiliza mimi tu."

*

Zaven aliketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi kuketi. Zabibu zilikuwa katikati ya meza kama mgeni ambaye hakuna anayejua atamwambia nini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kila Mama Padri alipoacha kukunja majani, Shoghig alijua kwamba masikio yake yamefika sebuleni.

Zaven alieleza habari zake harakaharaka. Aliimba Buenos Aires katika ukumbi ambao watu walisimama mpaka ngazini. Aliimba Sydney, bibi mmoja akaja jukwaani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akamshika mkono, akasema sauti yake inanukia jiko la mama yake. Aliimba Marseille harusi moja kuanzia mchana mpaka maharusi wenyewe wakaenda kulala, wageni wakabaki wakilia. Kila mahali waliuliza wimbo mmoja, na Shoghig hakuhitaji kuambiwa ni upi.

"Kaa," alimwambia.

"Nimekaa."

"Umekalia ukingo."

Zaven alisogea nyuma, akaegemea, goti lake likaanza kutetemeka peke yake. Alitazama saa. Kisha akacheka kwa aibu, akasema saa hiyo bado inafuata majira ya Los Angeles, hajawahi kuibadilisha, kwa sababu hakai mahali kiasi cha kuibadilisha.

Shoghig alimtazama vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Nywele za pembeni zilianza kuwa za kijivu. Ila macho yalikuwa yaleyale, yanayomtazama mtu kana kwamba dunia nzima imenyamaza ili yeye aseme. Aliyaogopa macho hayo. Alikuwa ameyaogopa tangu akiwa msichana, alipoimba sauti ya kwanza upande wa kulia wa madhabahu na Zaven sauti ya nne upande wa kushoto, baba yake akiwa katikati akitikisa ubani bila kuona chochote.

"Nimekuja kukuchukua," Zaven alisema.

Jikoni, Mama Padri aliacha kukunja majani.

"Unipeleke wapi?"

"Kesho nina harusi Marseille. Baadaye Paris. Baadaye nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

Alisema ana nyumba Glendale, yenye ua na mti wa komamanga. Shoghig alimuuliza makomamanga yake ni matamu au makali. Zaven alifikiri, akasema hajawahi kuwapo yakiiva.

Hapo Shoghig akasema yale aliyokuwa ameyabeba. Hakupaza sauti. Alimkumbusha wimbo wake ule wa kikapu, unaosema *shusha kikapu, mpenzi, nipande nacho mwenyewe*. Mtaa wote ulijua ni roshani ipi. Tangu wimbo ulipotoka, watu watatu walikuwa wamekuja kumposa. Mama wa mchumba wa kwanza aliuimba kwa pua huku akipuliza kahawa, bila hata kujijua, na mwanawe akawa mwekundu mpaka shingoni. Wa pili aliuliza waziwazi kama mambo ya kwenye wimbo yalitokea kweli. Wa tatu hakurudi, na hakusema kwa nini.

"Niliuimba kwa sababu ninakupenda," Zaven alisema.

"Uliuimba kila mahali isipokuwa hapa."

Zaven alichukua funguo mezani, akaziweka tena.

"Kesho saa kumi Barkev sonara anakuja na wazazi wake," Shoghig alisema. "Wanakuja kuchukua neno."

Hilo halikuhitaji maelezo. Wazee wakishapewa neno la kukubali na kahawa ikanyweka, mtu hulirudisha kwa aibu kubwa tu. Zaven alisimama, akaenda tena dirishani. Alimjua Barkev. Walisoma pamoja. Alikuwa mvulana aliyekuwa akichonga penseli za darasa zima.

"Unampenda?"

"Yupo," Shoghig alisema. "Kila asubuhi anafungua duka, kila jioni analifunga. Nikipita ananisalimu. Sijui kama ninampenda. Wewe ninajua, na ndiyo maana nimechoka."

Zaven alirudi upesi, akapiga goti mbele ya kiti chake, akamshika mikono. Viganja vya Shoghig vilikuwa bado na alama ya kamba. Aliigusa alama ile kwa kidole gumba, polepole, na Shoghig akahisi miaka yote ikimyeyuka mwilini kama mshumaa karibu na moto. Jikoni, Mama Padri alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Na ufunguo ukazunguka mlangoni.

*

Padri Nerses alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe na viatu vilivyokwisha upande mmoja. Aliingia, akamwona Zaven akiinuka sakafuni, akaziona zabibu. Alianza na zabibu. Aliuliza ni za shamba gani, maana zilikuwa nzuri.

Zaven alimbusu mkono. Padri naye akamshika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya zamani, mtoto wa fundi viatu alipokuja kanisani bila kujua kusoma hata noti moja, akatoka akiwa na sauti ambayo wazee walifunga macho kuisikiliza. Alimuuliza habari za mama yake, aliyehamia Glendale. Akamuuliza kama bado anasali. Zaven alisema anasali ndani ya ndege, inapotikisika.

"Huko nako Mungu anasikia," Padri alisema, na walicheka kidogo wote wawili.

Kisha Zaven akavuta pumzi kama kabla ya wimbo.

"Baba Padri, naomba unipe Shoghig."

Alisema hivyo akiwa amesimama, funguo mkononi. Mama Padri alikuwa ameshafika mlangoni. Alisema wenye kuomba mke huja na wazee wao, huketi, na hawaingii na kitu ambacho hata mtoto mdogo anajua kwamba hakiliwi leo. Alisema anamshukuru Mungu kwamba angalau majani ya mzabibu hayana mwiko, vinginevyo angetupa chakula cha siku nzima. Aliendelea hivyo kwa muda. Alikuwa na mengi, na alikuwa ameyatunza.

Padri alimsubiri amalize.

"Zaven, mwanangu," alisema, "watu wanadhani ninakukataa kwa sababu unaimba harusini. Hapana. Bwana wetu naye alikwenda harusini. Ila yeye alikaa mpaka divai ikaisha."

Zaven aliinamisha kichwa.

Padri akafunga zabibu kwenye kitambaa cheupe. Alisema atazipeleka kanisani, zibarikiwe pamoja na nyingine, na mwenyewe aje kuzichukua. Zaven alisema kwa shida kwamba ndege yake ya kwenda Marseille inaondoka saa nane mchana, na watu wa harusi walishalipa ukumbi. Padri alimwambia baraka ni saa sita.

Shoghig alimsindikiza mpaka ngazini. Umeme ulikuwa umekatika, lifti haikufanya kazi, na kutoka ghorofa za chini ulikuja mngurumo wa jenereta.

"Nitakuja," Zaven alisema. "Naapa kwa kaburi la baba."

"Usiape. Njoo tu."

"Na nikija, utasemaje?"

"Usije na sanduku," Shoghig alisema, akafunga mlango kabla uso wake haujasema zaidi.

Aliporudi jikoni, mama yake alikuwa akikunja majani bila kuinua kichwa.

"Hukumwambia," mama alisema.

"Nini?"

"Kwa nini nyumba hii hainunui zabibu."

Shoghig alichukua jani, akaweka wali, akalikunja vibaya. Alidhani hakuna ajuaye. Mwaka ule Zaven alipoondoka, siku ya zabibu, alikuwa amesimama kanisani na kichala mkononi, akamwambia Mungu kwamba hataonja zabibu mpaka Zaven atakaporudi na kusimama pale, siku kama ile. Hakumwambia mtu. Kila mwaka alipokea kichala chake, akakigawa kwa watoto mlangoni.

"Mimi ni mama yako," Azniv alisema. "Majira ya pili tu nilijua. Niliacha kununua, usije ukaona tabu kuziona mezani." Alilichukua lile jani lililokunjwa vibaya, akalikunja upya. "Naye Barkev nampenda kwa sababu moja. Atakuja kesho bila mtu kumwekea nadhiri."

*

Kanisa lilijaa mpaka uani. Zabibu zilirundikwa mbele ya madhabahu kwenye meza ndefu, na harufu yake ilichanganyika na ubani na jasho la mwezi wa nane. Kitambaa cheupe cha Padri kilikuwa pembeni. Shoghig alikiona kutoka mahali pake kwenye kwaya, akajilazimisha kutazama msalaba.

Alisali. Alijaribu kusali kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya mtoto wa Bi Makruhi aliye mbali. Kila sala ilizunguka ikarudi mlangoni. Saa tano ikapita. Komunyo ikapita. Barkev alikuwa katika safu ya wanaume, amevaa suti ya kahawia inayombana mabega, akiimba polepole bila kukosea wala kupendeza. Mlangoni kulikuwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Zaven.

Basi nimejibiwa, aliwaza, akageuza ukurasa wa kitabu cha nyimbo.

Kwaya ilianza wimbo wa baraka. Ni wimbo wa zamani, unaopanda taratibu kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Walipofika kwenye ubeti wa pili, kutoka nyuma kabisa ikaingia sauti ya nne.

Haikuimba kwa nguvu. Iliingia chini ya sauti nyingine zote na kuzishika, kama mkono unaoshika mgongo wa mtoto anayejifunza kutembea. Kanisa zima liligeuka. Wanawake wakaanza kufuta macho. Padri Nerses, mgongo ukiwaelekea watu, alitulia kidogo, kisha mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua kitu.

Shoghig hakugeuka. Aliimba, na machozi yakamshuka, na sauti yake ikamkuta Zaven mahali palepale walipokuwa wameachana. Alifikiri kwamba kama angekufa sasa hivi asingelalamika.

Ndipo honi ikapigwa nje.

Mara ya kwanza hakuifikiria. Mtaani honi hazikosi. Mara ya pili ilipigwa katikati ya mstari, fupi, ya mtu anayemjua anayemwita. Shoghig aligeuka. Zaven alikuwa amesimama mlangoni kabisa, akiimba kwa moyo wake wote, mkono mmoja ukiwa umeushikilia mlango usijifunge. Nyuma yake, barabarani, palikuwa na teksi, na sanduku juu ya kiti cha nyuma.

Padri aliinua msalaba juu ya zabibu. Alibariki pande nne. Watu walisema amina, na mashemasi wakaanza kugawa.

Hapo, kati ya amina na kelele za watoto, Shoghig alielewa. Alikuwa ameomba Zaven arudi na asimame pale siku ya zabibu. Zaven alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama. Mungu alimjibu neno kwa neno, na hakuwahi kumwomba zaidi ya hapo.

*

Alimkuta kwenye ngazi za nje, mlango wa teksi ukiwa wazi. Dereva alikuwa akigonga usukani kwa vidole.

"Nimekuja," Zaven alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na kilio chake hakikuwa cha jukwaani. "Umeona nimekuja."

"Nimeona."

"Twende. Nitawapigia watu wa Marseille, nitasema tuko wawili. Nguo tutanunua. Shoghig, roho yangu, nusu saa bado ipo."

Shoghig alifungua kile kitambaa cheupe, alichokichukua kwenye meza ya madhabahu. Alitoa kichala kimoja, kikubwa, akaketi kwenye ngazi ya kanisa.

"Keti hapa," alisema. "Tule hiki kimoja, mimi na wewe. Hiki tu."

Zaven alitazama ngazi. Alitazama saa yake, ile ya Los Angeles, akahesabu kichwani. Shoghig aliona midomo yake ikihesabu. Alikuwa akimpenda, hilo lilionekana kama jua, na alikuwa akihesabu.

"Ndege," Zaven alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Umekasirika."

"Hapana. Miaka yote hii nilimwomba Mungu urudi usimame hapa siku ya zabibu. Nilimwekea nadhiri. Umesimama, na umeimba vizuri sana."

Zaven alifunika uso kwa mkono. Dereva alimwita kwa jina, kwa heshima, kama watu wote walivyokuwa wakimwita. Alishuka ngazi moja, akarudi, akashuka tena.

"Nitarudi mwezi wa kumi," alisema. "Niombee tena."

"Safari hii omba mwenyewe," Shoghig alisema, akamkabidhi kitambaa chenye zabibu zilizobaki.

Alizipokea. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani ya gari. Mlango ulifungwa, teksi ikapita kati ya watu waliokuwa wakimpungia, wengine wakigusa kioo. Shoghig alibaki ameketi. Alichuma zabibu moja, akaitazama, akafanya ishara ya msalaba, akaila. Ilikuwa na joto la jua. Ilikuwa tamu, na yenye mbegu, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Alikula kichala kizima. Padri Nerses alitoka akiwa na joho lake mkononi, akaketi kando yake, akapewa mbili za mwisho.

*

Saa kumi Barkev na wazazi wake walikuwa sebuleni. Suti bado ilimbana. Kahawa ililetwa, na kwa kuwa neno lilikuwa halijatolewa, hakuna aliyeigusa. Mama yake Barkev, akitafuta pa kutazama, alianza kuimba kwa pua wimbo wa kikapu, akajishtukia, akaziba mdomo. Mama Padri aliangalia dari.

Shoghig alicheka. Hakutarajia kucheka, na kicheko kikawafanya wote wapumue.

"Barkev," alisema, "leo sikupi neno. Mchana huu nimelichukua tena kutoka kwa mtu mwingine. Halijapoa bado. Nikikupa sasa nitakuwa nimekupa la mwenzio."

Baba yake Barkev alishika magoti ili ainuke. Barkev alimwekea mkono begani, akabaki kwenye kiti chake.

"Nilimsikia kanisani," Barkev alisema. "Nami nililia." Alisogeza kikombe chake kidogo. "Kahawa ya kawaida inanyweka? Isiyo ya neno?"

Padri Nerses alisema hajasikia kanuni inayokataza, akawa wa kwanza kunywa.

Shoghig aliwaomba radhi, akatoka kwenye roshani. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa ng'ambo. Alifungua kamba, akashusha kikapu kikapita ghorofa ya pili, kikapita waya za jenereta, kikatua kando ya mkokoteni.

"Ndimu, binti?" aliuliza Abu Fayez.

"Zabibu."

Mzee aliinua kichwa, akamtazama. Kisha akaanza kuchagua, akiweka pembeni kila kichala chenye punje iliyopasuka, akajaza mpaka ukingoni. Shoghig alikaza kamba. Ilimkata viganja palepale pa jana. Alivuta.